Bwana Hill na Moto wa Misuli

Wasomaji wengi wakilisikia jina la Archibald Vivian Hill watauliza ni nani huyo, na ana uhusiano gani na sisi watu wa mwambao, sembuse mimi niliyehamia bara na kukaa Kaloleni, Kisumu, kwa zaidi ya miaka arobaini. Nami ningeuliza hivyo hivyo miaka miwili iliyopita. Lakini bwana huyu Mwingereza, aliyefariki mwaka 1977 akiwa na umri wa miaka 90, ndiye aliyenitoa kitini. Kwa hiyo leo naomba nafasi nieleze maisha yake, kisha faida niliyoipata mimi, ambayo huenda na wewe ndugu msomaji ukaipata.

Kwanza nieleze tulivyojuana, maana hatukuonana.

Umri wangu ni miaka 68 na kazi yangu ni cherehani. Fundi wa cherehani hukaa kitako tangu asubuhi hadi jua kutua, na ukimwona amesimama ujue anapima nguo ya mtu. Daktari aliponipima akanikuta na ugonjwa wa sukari, akanitaka nitembee kila siku. Nikaanza. Baada ya sala ya alfajiri nilikuwa nikishuka kutoka Kaloleni hadi karibu na ziwa, kisha nikigeuka kurudi. Kushuka hakukuwa na taabu. Kurudi ndiko kulikonitoa jasho. Nikijikaza kupanda, mapaja yaliwaka kana kwamba yamepakwa pilipili, na pumzi zikinipaa.

Pale barazani petu pana kijana mmoja aliyewahi kucheza mpira. Akanieleza kwamba ule moto ni asidi, nayo ni sumu inayoila misuli ya mtu mzima, na kila nikiusikia ule moto ndivyo ninavyojipunguzia siku. Maneno yale yalinipendeza, kwani mvivu hapendi kitu kama hoja ya kumlaza. Nikaacha kutembea.

Miezi minane baadaye alifariki jirani yangu tuliyekuwa tukisimama safu moja msikitini. Tulipokuwa tukilipeleka jeneza makaburini, watu wakipokezana, zamu yangu ikafika. Nililiweka begani na sikumaliza hata hatua ishirini. Magoti yalilegea, na laiti kijana mmoja hakuniwahi, ningemwangusha maiti. Hakuna aliyesema neno, lakini aibu niliyorudi nayo nyumbani naijua mwenyewe. Usiku ule nilijiuliza: sumu ilikuwa ni ule moto wa mapajani, au kile kiti cha cherehani?

Nikamwomba mjukuu wangu, ambaye yuko chuoni, anitafutie maandishi juu ya asidi ile na anieleze kwa Kiswahili chepesi. Kila alichokisoma kilitupeleka kwa mtu mmoja, naye ni Hill.

Mtoto wa Bristol

Hill alizaliwa tarehe 26 Septemba 1886 huko Bristol, mji wa bandari ulio kusini magharibi mwa Uingereza. Ukoo wa baba yake ulikuwa wa wafanyabiashara wa mbao. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu baba yake aliondoka, asirudi tena kukaa nao, na mama akabaki na watoto wawili, Archibald na dada yake Muriel. Mama huyo, Bibi Ada, ndiye aliyemfundisha mwanawe kusoma na kuhesabu nyumbani mpaka alipofika miaka saba. Wangapi kati yetu hawakulelewa namna hiyo, na mama peke yake?

Kijana alikuwa hodari wa hesabu. Alipata msaada wa masomo akaingia Trinity College katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1907 akatokea wa tatu katika mtihani wa hisabati wa chuo kizima. Licha ya vitabu, alipenda sana mbio. Mambo hayo mawili, hesabu na mbio, ndiyo yaliyoendesha maisha yake yote.

Hisabati tupu haikumtosha. Mwalimu wake mmoja, Walter Fletcher, alimshawishi aingie katika fiziolojia, yaani elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi. Wakati huo Fletcher na mwenzake Frederick Gowland Hopkins walikuwa wamekwisha toa habari iliyowashangaza wengi. Hapa yafaa turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1780 mkemia wa Sweden, Carl Scheele, aliigundua asidi fulani katika maziwa yaliyochacha. Kwa sababu ilitoka katika maziwa ikapewa jina kwa Kilatini cha maziwa, ikaitwa asidi ya laktiki. Ni ile ile inayoyafanya maziwa lala yawe makali. Mwaka 1807 Mswidi mwingine, Jöns Jacob Berzelius, akaikuta asidi hiyo hiyo katika nyama ya paa dume waliokimbizwa na wawindaji kabla ya kuuawa. Watu wakastaajabu: maziwa yaliyochacha na misuli ya mnyama aliyekimbia vina nini pamoja? Miaka mia moja ikapita. Ndipo mwaka 1907 Fletcher na Hopkins wakaonyesha kwa vipimo kwamba misuli ya chura ikifanyishwa kazi bila hewa ya oksijeni, asidi hiyo hujaa ndani yake, na ikipewa oksijeni, asidi hupungua.

Joto la mguu wa chura

Mwaka 1909 Hill aliingia maabara. Mkuu wake, John Langley, alimpa kazi ya kuchunguza misuli. Hill akaamua kupima joto. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kila kazi hutoa joto, na mwenye kulijua joto, lini linatoka na ni kiasi gani, ataijua kazi yenyewe. Taabu ilikuwa kwamba mguu wa chura unapojikunja mara moja, joto linalopanda ni sehemu chache tu za elfu moja za digrii moja. Hapana kipimajoto cha kawaida kinachoweza kuliona. Hill akatumia vyombo vinavyogeuza joto kidogo kuwa umeme kidogo, na kwa miaka mingi akawa akiviboresha kwa mikono yake mwenyewe pamoja na mafundi wake.

Alichokiona ni hiki. Misuli haitoi joto mara moja tu. Hutoa joto inapojikunja, kisha huendelea kutoa joto kwa dakika kadhaa baada ya kutulia, na joto hilo la pili hulihitaji oksijeni. Maana yake, oksijeni haikuwa lazima kwa kule kujikunja kwenyewe. Ilikuwa lazima kwa kujiandaa upya, kama vile bunduki za zamani zilivyokuwa zikishindiliwa tena baada ya mlio.

Vita vya Kwanza vya Dunia vikamkatiza, akatumia hesabu zake katika mizinga ya kutungulia ndege. Vita vilipokwisha alipata uprofesa Manchester mwaka 1920. Wakati huo huo huko Kiel, Ujerumani, palikuwa na mtaalamu mwingine, Otto Meyerhof, aliyekuwa akilifuata suala lile lile kwa njia ya kemia. Meyerhof alionyesha kwamba misuli inapopumzika haiiteketezi asidi yote. Sehemu ndogo tu huchomwa, na nguvu inayopatikana huigeuza sehemu kubwa iliyobaki kuwa akiba ya sukari tena. Hesabu za joto za Mwingereza na hesabu za kemia za Mjerumani zikalingana. Tukumbuke kwamba mataifa yao yalikuwa yametoka kuuana miaka minne mizima. Watu hao wawili walipewa pamoja Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1922, iliyotolewa mwaka 1923. Mwaka huo Hill akahamia Chuo Kikuu cha London.

Deni la hewa

Hill hakuridhika na vyura. Alitaka kujua kama yaliyo katika mguu wa chura yamo pia katika mguu wa binadamu, na binadamu wa kwanza aliyekuwa karibu naye ni yeye mwenyewe. Akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, alijifunga mgongoni mfuko mkubwa usiopitisha hewa, akatia mdomoni kifereji cha kupumulia, akaanza kukimbia akiuzunguka uwanja wa nyasi huku wenzake wakishika saa. Hewa aliyoitoa iliingia mfukoni, kisha ikapimwa kujua ni oksijeni kiasi gani mwili umeitumia.

Katika majaribio hayo zilipatikana habari mbili ambazo walimu wa michezo wanazitumia hadi leo. Ya kwanza ni kwamba kila mtu ana mpaka wa oksijeni anayoweza kuitumia kwa dakika moja. Akifika hapo, hata akiongeza mbio, oksijeni haiongezeki. Ya pili ni kwamba mtu aweza kukimbia kupita mpaka ule kwa muda mfupi, lakini kwa mkopo. Hill akauita mkopo huo deni la oksijeni.

Ukitaka kuliona deni hilo huna haja ya kwenda Uingereza. Njoo Kibuye siku ya soko umtazame hamali anayeusukuma mkokoteni wenye magunia. Anapopanda hahemi kama anavyohema akishafika. Akiuegesha mkokoteni ndipo utakapoona kifua kinapanda na kushuka kama mivukuto ya mhunzi, na hali kazi imekwisha. Hapo analipa. Na kwa habari ya wale wanaojali mambo ya riba, wataalamu wa baadaye walikuta kwamba mara nyingi mwili hulipa oksijeni zaidi ya ile uliyoikopa. Mwili hauna msamaha katika biashara hii!

Aliyekosea akakubali

Sasa nafika pahali paliponifanya nimpende mtu huyu.

Hill na Meyerhof waliamini kwamba asidi ya laktiki ndiyo inayoifanya misuli ijikunje. Vitabu viliandika hivyo na wanafunzi walifundishwa hivyo. Mwaka 1930 kijana mmoja wa Copenhagen, Einar Lundsgaard, aliiwekea misuli dawa inayozuia asidi hiyo isitengenezwe kabisa. Misuli ikajikunja vilevile, mara nyingi, pasipo hata tone la asidi! Nguvu ilitoka kwingine, katika kemikali zenye fosifeti zilizokuwa zimeanza kujulikana miaka hiyo.

Mwenye Nobel angeweza kumkebehi kijana yule. Angeweza kukaa kimya akangoja watu wasahau. Hill hakufanya hivyo. Mwaka 1932 aliandika makala ndefu, akayaita mambo hayo mapinduzi katika elimu ya misuli, na kukiri wazi kwamba nadharia yake ya zamani haisimami tena. Wazee wetu walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Hill alichutama, kisha akarudi kazini.

Uungwana wake haukuwa katika maabara tu. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933 na kuanza kuwafukuza maprofesa wa Kiyahudi, Hill alikuwa miongoni mwa walioanzisha baraza la kuwapatia wasomi hao kazi na makao Uingereza. Mmoja wa waliokimbilia maabara yake, Bernard Katz, alifika mwaka 1935, na mwaka 1970 naye akapata Nobel. Mwenzi wake Meyerhof, aliyekuwa Myahudi, aliikimbia Ujerumani mwaka 1938 akaenda Paris, na mwaka 1940 akakimbia tena hadi Marekani, alikofia mwaka 1951. Kati ya mwaka 1940 na 1945 Hill alikuwa mbunge akikiwakilisha Chuo Kikuu cha Cambridge, na katika vita hivyo alikwenda India kuishauri serikali juu ya mipango ya sayansi.

Hata nyumbani kwake hapakukosa habari za kutugusa. Mkewe Margaret alikuwa dada wa mtaalamu wa uchumi John Maynard Keynes. Binti yao Polly Hill alikuja Afrika, akaishi na wakulima wa kakao wa Ghana na wanavijiji wa Kihausa, Waislamu wa kaskazini mwa Nigeria, na vitabu alivyoandika juu ya uchumi wa watu hao vinaheshimiwa hadi sasa.

Sumu iliyogeuka kuni

Nadharia ilipokufa, jina baya lilibaki. Wataalamu waliacha kusema kwamba asidi ya laktiki ndiyo inayoikunja misuli, lakini viwanjani na barazani ikaendelea kusemwa kuwa ni taka na sumu. Huko ndiko kijana wetu wa Kaloleni alikoyatoa maneno yake. Yaliyokuja kujulikana baadaye yanasema kinyume.

Mwili umejengwa kwa seli, chembe ndogo ndogo za uhai zisizoonekana kwa macho. Ndani ya kila seli ya misuli mna vitu vidogo zaidi viitwavyo mitokondria. Mwaka 1948 Eugene Kennedy na Albert Lehninger huko Chicago walionyesha kwamba humo ndimo chakula kinapounganishwa na oksijeni kutoa nguvu. Kwa lugha ya nyumbani, mitokondria ni majiko ya seli.

Sasa tazama jikoni kwako. Ukiwa na haraka, wageni wamekwisha fika, utachochea kuni nyingi kwa mara moja. Moto utawaka upesi, lakini kuni hazitateketea zote na makaa mengi yatabaki. Je, makaa ni taka? Mama yeyote wa Kiswahili atakucheka. Makaa huyachukua akayatia katika seredani au jiko jingine, akapikia, na moto wake ni mzuri kuliko wa kuni. Basi lakteti, ndiyo asidi ile ilivyo hasa inapokuwa mwilini, ni makaa hayo. Misuli inapofanya kazi kwa haraka huivunja sukari upesi, na lakteti hubaki. Lakini ndani yake mna nguvu nyingi bado.

Makaa hayo huenda wapi? Mwaka 1929 Carl na Gerty Cori, mume na mke, walieleza jinsi damu inavyoyapeleka kwenye ini, na ini likayageuza kuwa sukari tena. Kisha katikati ya miaka ya 1980 George Brooks wa Chuo Kikuu cha California alieleza safari pana zaidi. Lakteti hutengenezwa wakati wote, hata tukiwa tumekaa. Hutoka katika misuli inayokazana ikaenda kwa misuli inayofanya kazi taratibu, ikaenda kwa moyo, na humo huteketezwa na majiko ya mitokondria. Moyo wako, ndugu msomaji, hula lakteti kwa raha hasa wakati unapojituma.

Ule moto wa mapajani una sababu kadhaa zinazokutana, ikiwemo kuzidi kwa ukali wa asidi ndani ya misuli inayokazwa kupita desturi yake. Ni ishara ya kupunguza mwendo, basi. Hauli nyama ya mtu. Ukipumzika, lakteti hupungua katika damu na kurejea kawaida yake kwa muda wa kama saa moja. Yale maumivu ya kesho yake na keshokutwa ni mengine: hutokana na michubuko midogo midogo ya misuli isiyozoea, nayo hupona.

Habari kubwa kuliko zote ilitoka St. Louis, Marekani, mwaka 1967. John Holloszy aliwakimbiza panya kila siku kwa wiki kadhaa, kisha akaipima misuli yao. Uwezo wa mitokondria zao kutumia oksijeni ulikuwa umeongezeka karibu mara mbili. Kumbe majiko hujengwa! Misuli inayotumika huongeza majiko, na inayokaa kitako huyapunguza. Mwenye majiko mengi huyachoma makaa yake upesi, kwa hiyo hupanda kilima kile kile na moto mapajani ukawa mdogo. Tena misuli ya namna hiyo huichukua sukari katika damu vizuri zaidi, na hapo ndipo penye dawa ya sisi wagonjwa wa sukari.

Walipopimwa Wakenya

Nisidhaniwe naleta habari za Wazungu na panya peke yake. Mwaka 1990 mtaalamu wa Sweden, Bengt Saltin, alikuja hapa Kenya na wenzake, wakapanda nyanda za juu za Bonde la Ufa, si mbali sana na sisi wa Kisumu. Waliwapima wanariadha wetu wakawalinganisha na wanariadha wa kwao, na mwaka 1995 wakatoa matokeo. Wakenya walipokimbia kwa bidii, lakteti katika damu yao ilikuwa chini kuliko ya wenzao. Majiko yao yalikuwa hayaachi makaa mengi nyuma.

Walipima na vijana wa kawaida ambao hawakuwa wanariadha. Wale waliokuwa wakienda shule kwa miguu, wakitembea na kukimbia kila siku, walikuwa na uwezo wa kutumia oksijeni uliowazidi wasiojishughulisha kwa karibu theluthi moja. Mkenya hazaliwi na mbio miguuni tu. Njia ya shule ina sehemu yake.

Saltin huyo huyo, mwaka 1966, alikuwa Dallas, Marekani, ambako vijana watano wa miaka ishirini walilazwa kitandani wiki tatu bila kuinuka. Uwezo wao wa kutumia oksijeni ulipungua kwa zaidi ya robo. Miaka thelathini baadaye watu wale wale watano walitafutwa wakapimwa tena. Ikaonekana kwamba zile wiki tatu za kitanda zilikuwa zimewadhuru kuliko miaka thelathini ya kuzeeka! Tena walipofanyishwa mazoezi ya kutembea, kukimbia pole pole na kuendesha baiskeli kwa miezi sita, uwezo wao ukarudi ulipokuwa ujanani. Nilipoelezwa habari hii nilikitazama kiti changu cha cherehani kwa jicho jingine.

Na umri je?

Hapa yataka tuwe waangalifu. Ajali ya mtu iko kwa Mwenyezi Mungu, na hapana fundi wa maabara aliyeishika. Hill aliyependa mbio aliishi miaka 90, na Meyerhof alifariki kwa moyo akiwa na miaka 67. Mtu mmoja si ushahidi.

Lakini watu wengi wakitazamwa pamoja, njia huonekana. Mwaka 1953 Daktari Jeremy Morris alilinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Walikuwa watu wa mtaa mmoja, chakula kimoja na mwajiri mmoja, ila dereva alikaa kutwa nzima na kondakta akipanda na kushuka ngazi. Makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache zaidi, na vifo vyao vya ghafla vilikuwa kama nusu ya vile vya madereva. Tangu hapo uchunguzi mwingi katika nchi nyingi umekwenda njia hiyo hiyo: wanaoutumia mwili, kwa jumla, huishi zaidi, na kilicho bora kuliko urefu wa miaka ni kwamba hujitegemea katika uzee wao. Mitokondria hupungua nguvu kadiri tunavyozeeka, lakini hata mzee akianza leo, misuli yake huitika.

Nilirudi kwa daktari wangu kabla ya kuanza upya, na wewe mwenye sukari au presha fanya hivyo. Angalia viatu visikuchubue. Moto wa mapaja usikutishe, lakini maumivu ya kifua, au kizunguzungu, hayo si makaa. Simama uende hospitali. Mwendo unaofaa kwa mtu mzima ni ule anaoweza kuzungumza na mwenziwe bila taabu, ila akitaka kuimba pumzi zitamkatikia. Huo ndio mwendo wa kujenga majiko. Mara mbili tatu kwa wiki waweza kujikaza kidogo kwenye mwinuko mpaka moto uje, kisha upunguze uache deni lilipwe.

Mimi sasa natimiza mwaka. Nashuka ziwani alfajiri, wavuvi wakileta samaki, nami napanda kurudi Kaloleni. Mwinuko uliokuwa ukinisimamisha mara nne sasa unanisimamisha mara moja, na siku nyingine hata hiyo moja haipo. Sukari yangu imeshuka, ingawa dawa ningali nameza. Kila baada ya nguo moja nasimama, nazunguka uani, kisha narudi chereheni. Na yule kijana wa barazani siku hizi twatembea naye Jumamosi. Nimemweleza habari za Hill, akasema alikuwa hajui, na sikumlaumu. Hata mwenye Nobel alikosea.

Bwana Hill alirudi Cambridge katika miaka yake ya mwisho, na huko ndiko alikofia tarehe 3 Juni 1977. Alianza na mguu wa chura, akapotea njia, akaonyeshwa na mdogo wake, akakubali, na kwa kukubali kwake elimu ikasonga mbele hadi ikanifikia mimi fundi wa nguo.

Mwezi uliopita tulimzika mzee mwingine wa mtaa wetu. Zamu yangu ilipofika nilitia bega. Mapaja yaliwaka, nikayaacha yawake. Nilipokelewa pale zamu ilipokwisha, kama watu wengine, nikaendelea kufuata jeneza kwa miguu yangu hadi kaburini.